Huruma Isiyouliza Maswali

Saa kumi na mbili asubuhi akina mama wa Kawangware huwa wameshashika njia ya kwenda Lavington na Kileleshwa kutafuta kibarua cha kufua nguo. Mmoja wao ana watoto wawili, mvulana wa miaka saba na msichana wa miaka minne. Baba yao aliondoka, hakuacha hata namba ya simu. Siku mama akiwa na pesa, msichana hupelekwa kwa mwanamke anayelea watoto mtaani. Siku hana, humfungia chumbani, akatia kufuli mlango wa mabati na kumwachia jirani ufunguo. Kisa hiki si cha familia moja. Ni mambo yanayojirudia katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi, nami nimeyaweka pamoja ili yatufunze.

Siku moja jirani alichelewa kurudi, mtoto akalia hadi majirani wakajaa mlangoni. Habari zikawafikia waumini wa kanisa moja, watu wema kabisa. Walimkuta mtoto mchafu na sufuria tupu. Kabla ya wiki kwisha, watoto wote wawili walikuwa katika makao ya watoto upande wa Dagoretti. "Mama, huko watakula vizuri na watasoma," aliambiwa. Akakubali. Angekataa vipi, naye hana cha kuwapa jioni ile? Afisa wa watoto hakuitwa, wala mahakama haikuhusishwa. Hakuna aliyeuliza kama watoto wana jamaa. Dada mkubwa wa mama huyo anauza mboga Kangemi, safari fupi tu ya matatu. Alipata habari watoto wakiwa wamekwisha kwenda.

Kila Jumamosi wageni hufika makaoni na unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Msichana yule huwakimbilia wote. Humkumbatia mtu asiyemjua hata jina, humshika mkono, hutaka kubebwa, na mgeni akisimama kuaga, hung'ang'ania kwenda naye. Wageni huguswa sana. "Mtoto ana upendo huyu!" husema, wakapiga picha na kuahidi kurudi.

Hapo ndipo huruma yetu inapotupofusha, maana tunachokiita upendo, watafiti wamekitambua kuwa jeraha. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka nchini Romania mwaka 1989, dunia iliona maelfu ya watoto waliokuwa wamelelewa katika taasisi za serikali. Kuanzia mwaka 2000, wanasayansi watatu, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walifuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi za Bucharest. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa familia za malezi, na nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwapo. Waliopata familia walikua na akili changamfu zaidi na mshikamano imara zaidi na walezi wao, hasa waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Waliobaki walionyesha zaidi ile tabia ya kumfuata mgeni yeyote bila tahadhari. Mtoto aliyelelewa na walezi wanaobadilika zamu kwa zamu hajifunzi nani ni wake. Na mtoto asiyejua nani ni wake ni rahisi kuchukuliwa na mtu mwenye nia mbaya. Tulimtoa nyuma ya kufuli ili awe salama, tukamnyima kinga ya kwanza ya usalama wake.

Kenya imekadiriwa kuwa na watoto kati ya 40,000 na 45,000 katika makao ya aina hii, na wengi wao wana mzazi aliye hai au jamaa wa karibu. Kilichowapeleka huko mara nyingi ni umaskini. Ndiyo maana mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, Sheria ya Watoto ya 2022 ikayafanya makao kuwa hatua ya mwisho, na mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia.

Katikati ya jiji kosa hili huvaa vazi jingine. Mwaka 2003 serikali mpya ya muungano wa NARC iliwaondoa watoto na vijana wa mitaani katika barabara za Nairobi, ikaanzisha mfuko wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani. Nia ilikuwa njema, na wapo waliopata mafunzo na kazi. Lakini sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, zaidi ya 15,000 wakiwa Nairobi. Kumwondoa mtoto Barabara ya Tom Mboya ni kazi ya asubuhi moja. Kuondoa kilichomtoa kwao ni kazi nyingine, na isipofanywa, atarudi yeye au atakuja mdogo wake.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Tabibu naye hupima kabla ya kutoa dawa. Huko Massachusetts, Marekani, kati ya mwaka 1939 na 1945, wavulana 506 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa washauri, msaada wa masomo na kambi za likizo. Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta, na wengi waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Alipolinganisha maisha yao na ya wenzao wasiosaidiwa, hawakuwa wamewashinda kwa lolote, na katika mambo kadhaa, kama ulevi, walikuwa na hali mbaya zaidi. Shukrani ya aliyesaidiwa haitoshi kuthibitisha kwamba amefaidika.

Je, kuna kilichopimwa kikafaa? Kipo, tena hapahapa. Mwaka 2004 Kenya ilianza kwa majaribio kuzipa pesa familia zinazolea yatima na watoto walio hatarini, katika Garissa, Kwale na Nairobi. Mpango ulipopanuka, watafiti walilinganisha familia zilizopokea na zisizopokea. Katika familia zilizopokea, vijana wengi zaidi walisoma sekondari, na walichelewa kuanza ngono. Pesa kidogo inayofika kila mara mikononi mwa shangazi au nyanya ilimlinda mtoto akiwa nyumbani kwao.

Basi turudie kisa chetu kama kingepaswa kwenda. Majirani wanamwita mhudumu wa afya ya jamii na afisa wa watoto. Afisa anakaa na mama, anauliza anakula nini na nani, anapata habari za dada wa Kangemi. Zile pesa za unga wa Jumamosi zinalipa ada ya mtunzaji mtaani, ili kufuli isitumike tena. Mama anaingizwa katika kikundi cha wazazi, na mtu anarudi baada ya mwezi kuangalia kama msichana anaendelea vizuri. Hakuna picha ya kupendeza hapo, lakini mtoto anajua nani ni wake.

Wako watoto ambao hatari yao imo ndani ya nyumba yenyewe. Hao lazima waondolewe, tena upesi, kwa njia ya sheria, na jamaa salama awe wa kwanza kufikiriwa. Mtoto aliyenajisiwa afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai baada ya hapo. Namba 116 hupokea simu za kuripoti dhuluma kwa watoto bila malipo.

Kwa hiyo wewe unayetoa sadaka, na kikundi chenu kinachopanga ziara ya Jumamosi, ulizeni kabla ya kutoa. Mtoto huyu ana nani? Nani aliamua aletwe hapa, na amri ya mahakama iko wapi? Mwaka jana wangapi walirudi kwao, na wako salama? Makao yenye majibu yaungwe mkono katika kazi ya kuwarudisha watoto. Mkikosa majibu, pelekeni mchango wenu kwa familia ambayo bado haijampoteza mtoto wake.