RAMADHANI YA 14: UKIPUNGUZA UGALI, UMEKUFURU NEEMA?



Ndugu zangu wa Nambambo, na nyinyi mnaotusoma kutoka Ruangwa, Dar na kwingineko, saumu makbul.

Swali la leo limeletwa na mzee mmoja wa hapa msikitini, na ameniruhusu nilizungumze bila kumtaja jina. Daktari amemwambia sukari yake iko juu, apunguze vyakula vya wanga. (Wanga wa chakula jamani, siyo wale wa usiku.) Akarudi nyumbani akamwambia mkewe asimpakulie ugali mwingi. Mama akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akamuuliza, "Baba watoto, miaka yote hii unakula ugali wangu, leo umekuwa sumu?" Mzee akaja kwangu baada ya Tarawehe. Shekhe, anasema, mimi nikiisukuma sahani ya ugali pembeni, sijakufuru neema ya Mwenyezi Mungu? Na yule mama, sijamdhulumu?

Maswali ni mawili, na la pili ndilo gumu zaidi.

La kwanza tulimalize. Neema ni riziki, na riziki siyo ugali peke yake. Sisi huku tumezoea kuulizana "umekula?" na maana yake ni "umekula ugali?" Mtu atakula samaki mzima, bakuli la kisamvu na mayai mawili, halafu atakwambia leo sijala kitu. Hiyo ni lugha yetu, lakini lugha imeingia mpaka kwenye akida, tukadhani kuacha ugali ni kuacha chakula. Tukumbuke pia kwamba mahindi yenyewe ni mgeni. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, vililetwa Afrika na wasafiri wa Kireno miaka mia tano hivi iliyopita. Kabla ya hapo, wazee wetu walikuwa wakila mtama na uwele, na walimshukuru Mola wao hivyo hivyo. Neema ilikuwepo kabla ya sembe.

Na katika sahihi mbili, Bukhari na Muslim, Abu Huraira (r.a.) amesimulia tabia ya Mtume (s.a.w.) mbele ya chakula: hakuwahi kukitia aibu hata mara moja. Akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Angalieni hapo. Kuacha na kutia aibu ni vitu viwili mbalimbali. Mzee wetu ana ruhusa ya kuacha. Ruhusa ya kusema "huu ugali wako unaniua" hana. Na ningemwambia zaidi: kabla ya kusukuma sahani, mshukuru aliyesonga. Moshi wa kuni saa kumi na moja jioni, na yeye amefunga kama wewe, ni kitu kinachoonekana mbele ya Allah hata kama wewe hukioni.

Sasa la pili, na hapa naomba tukae kidogo.

Ugonjwa wa mtu mmoja unapoingia nyumbani, nani anabeba mzigo wake? Nimeona nyumba za aina mbili. Kuna nyumba ambayo mgonjwa anaachiwa ugonjwa wake. Sinia linakuja na uji wa sukari, muhogo wa nazi, viazi vitamu, tambi, kalimati na chai, vyote wanga juu ya wanga, halafu anaambiwa "wewe kula kidogo tu." Huko ni kumwacha mtu afe taratibu huku mkimwonea huruma. Na kuna nyumba ya pili, ambayo sikutegemea ingenisumbua zaidi ya ile ya kwanza. Humo baba ndiye mgonjwa, na neno la daktari limegeuka kuwa amri ya mfalme. Yai ni la baba. Kipande cha samaki ni cha baba. Paja la kuku ni la baba, "daktari kasema." Watoto wamekaa na ugali na mchuzi mwembamba, wanatazama mfupa unavyoguguna.

Jamani, dawa ni haki. Hamu siyo dawa. Daktari aliyesema punguza wanga hakusema kula nyama ya nyumba nzima. Mwili una haki juu yako, hilo limethibiti katika kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.), lakini kisa hicho hicho kinataja na watu wa nyumbani kwamba nao wana haki yao, na kila mwenye haki apewe. Mtu akisoma nusu ya kisa kile akaacha nusu, anajitafutia hoja ya kushibia peke yake.

Kwa hiyo mimi kwa maoni yangu, na ni maoni, mzee asidai chungu cha pili. Mwanamke aliyefunga hana wajibu wa kupika futari mbili. Chungu kiwe kimoja, kinachobadilika ni vipimo. Mboga iwe nyingi, kitoweo kiwe cha wote, ugali uwe mdogo kwa anayetakiwa kupunguza na uwe wa kutosha kwa kijana anayelima na mtoto anayekua. Hapo hakuna aliyebebeshwa peke yake.

Mtu atasema, shekhe, hayo ni mambo ya watu wa Masaki na Oysterbay, sisi kitoweo chenyewe tunakisikia harufu. Namjibu kwa kumtembeza kwenye ardhi yake. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa hapa Nachingwea na matrekta, wakajenga reli kuelekea bandari ya Mtwara, wakitafuta nini? Karanga. Kwao baada ya vita kulikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mradi ukawashinda, mwaka 1951 ukaachwa. Sisi karanga tunazo. Korosho tunazo, ufuta tunao, mbaazi tunazo, kunde na njugu mawe tunazo. Tunavipeleka ghalani, vinauzwa kwenye minada ya RUNALI, halafu pesa ikirudi tunanunua nini? Sukari, unga wa ngano na soda. Sisemi msiuze, ada za watoto zinatoka humo humo. Nasema gunia halihitaji kwenda lote mpaka karanga ya mwisho. Gramu mia za karanga zina protini kama gramu 25 na wanga kama gramu 16 tu. Unga wa mahindi uzito huo huo una wanga zaidi ya gramu 70. Korosho ina wanga kuizidi karanga, kama gramu 30, bado ni chini ya nusu ya unga.

Na Ramadhani za miaka hii zinaangukia kwenye mvua. Majani yamejaa. Kisamvu kichanga kitwangwe sawasawa, kichemshwe sana mpaka kiive kabisa (majani ya muhogo yasiyoiva yana sumu, hapo pasiwe na haraka), kisha kitiwe kitunguu, karanga zilizotwangwa na tui kidogo. Mchicha na mayai mawili ya kienyeji yaliyovurugwa humo ndani. Bamia na nyanya chungu kwa dagaa. Mlenda. Majani ya kunde, na wanaojua kuyakausha wana akiba ya kiangazi. Mbaazi za nazi nazo zina wanga, tusidanganyane, ila zina nyuzinyuzi na protini, sukari yake inapanda polepole kuliko ya sembe au ya muhogo. Wallahi, mtu akila bakuli la kisamvu cha karanga na samaki wa kuchoma, halafu akamalizia na tonge mbili za ugali wa dona, akaniambia hajashiba, basi kinacholalamika siyo tumbo.

Maana shibe ni ya ajabu. Tangu alfajiri mpaka magharibi umekaa bila ugali, bila maji, umelima, umeuza duka, umefundisha. Adhana ikilia unasema bila ugali huwezi kuishi. Hivi ni kweli? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa yake ameliuliza hili kwa namna ambayo haijachakaa: saumu itavunjaje matamanio, kama mtu anapofuturu anakula kila alichokikosa mchana na kuongeza vingine? Mtu kama huyo hakupunguza kitu, amehamisha ratiba tu. Na siyo sisi wa kwanza kupenda sinia. Ibn Battuta alipokuwa njiani kuja Kilwa mwaka 1331, alipita Mogadishu akaandika kuhusu wali wa samli na vitoweo vyake, na akashangaa kwamba mtu mmoja wa pale alikuwa anakula chakula cha watu kadhaa. Waswahili na sinia ni habari ya zamani.

Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Miqdam bin Maadikarib aliyoyatoa Tirmidhi, ametufundisha kwamba matonge machache ya kuusimamisha mgongo yanamtosha mwanadamu, na kama hana budi kuzidisha, basi agawe tumbo lake mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Wengi wetu tunaisoma hadithi hii kama ushauri wa afya. Mimi naiona pia kama hadithi ya jirani, kwa sababu tonge ulilolibakisha lina mahali pa kwenda.

Lakini upande wa pili nao usisahaulike. Kuna vijana wamesikia habari za "kukata wanga" kwenye simu, sasa wanapita wakiwaambia watu ugali ni sumu, wali ni sumu. Taratibu. Suratul Maida, aya ya 87, inatukataza kuviharamisha vizuri ambavyo Allah ametuhalalishia. Anayeshika jembe tangu asubuhi, ugali ndiyo mafuta yake ya kuendea. Mama anayenyonyesha, mtoto aliyekonda, mwenye njaa ya miezi hii ambayo mahindi mapya hayajavunwa, ukimhubiria kupunguza ugali umemfanyia ukatili. Daktari amesema na mgonjwa, hakusema na kijiji.

Na mgonjwa mwenyewe asijifanyie dawa. Anayechoma sindano ya insulini, au anayemeza vidonge vya kushusha sukari, akipunguza wanga ghafla huku amefunga, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Aende hospitali kwanza, dawa zipangwe upya. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, msiogope. Na ukianza kutetemeka, jasho baridi, akili kuvurugika, futuru hapo hapo kwa kitu chenye sukari, hata kama imebaki robo saa.

Hapa nawasema na wale wanaowaaibisha wagonjwa. "Mbona fulani kafunga na sukari yake?" Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akaota, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hatuoni ruhusa. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua. Hawakumshika panga. Walimpa jibu bila elimu. Basi tuchunge ndimi zetu vibarazani.

Aliyekatazwa kabisa kufunga kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona, ruhusa yake iko katika Suratul Baqara, na anatoa fidia. Kwa madhehebu yetu ya Shafii ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku, apewe masikini. Chakula kikuu cha mji wetu ni nini? Ni huo huo wanga ambao daktari amemkataza. Mimi jambo hili limenikalisha kitako siku nyingi. Kibaba cha mahindi ambacho kingemdhuru akikila yeye, kinakuwa ibada yake kikienda kwa mwenye njaa, na kwa mwenye njaa kinakuwa uhai. Nafaka ni ile ile, gunia ni lile lile. Mzee wetu aliposikia hivyo alicheka, akasema, "Kumbe ugali wa mke wangu bado una kazi." Yeye anafunga alhamdulillah, fidia haimhusu, lakini kile alichopunguza kwenye sahani yake wamekubaliana na mama kiende nyumba ya pili kutoka kwao, kwa bibi anayelea wajukuu. Na mama, nimeambiwa, ndiye anayekipeleka mwenyewe, kikiwa cha moto.

Kufuturu tende moja inatosha sunna, hata kwa mwenye sukari, na asiyekuwa nayo maji yanatosha. Uji mwenye sukari apate bila sukari, au aanze na supu na mboga kwanza, ugali uje mwisho akiwa ameshapoa njaa.

Wenye kutoa fidia, vibaba vinapokelewa msikitini baada ya Alasiri, unga au mchele. Mifuko msiiandike majina. Wenye kupokea nao wapite mlango wa nyuma baada ya Magharibi, hakuna atakayeandikwa.

Wabillahi tawfiq.