Akiba ya chakula na gunia la zamani

Ramadhani inapokaribia, wanafunzi wangu wa madrasa ya watu wazima hunirudia na swali lile lile: Je, Muislamu anayejaza stoo yake mchele, sembe na maharage ana tawakkul kweli, au naye ni mlanguzi?

Tutofautishe kwanza. Ihtikari aliyoikemea Mtume (s.a.w.) ni kuficha bidhaa ili watu wahangaike, bei ipande, ndipo uuze. Chakula cha familia si hicho. Imepokewa kwa Umar (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka mzima. Nabii Yusuf (a.s.) naye aliagiza nafaka ihifadhiwe ndani ya mashuke yake (12:47). Nani atadai tawakkul kuwashinda hao?

Lakini uhalali huo una mpaka. Mwaka mmoja walipoingia Madina watu wa jangwani wenye njaa, Mtume (s.a.w.) alikataza nyama ya udhhiya isiwekwe zaidi ya siku tatu. Dhiki ilipoondoka, akaruhusu. Nyama ni ile ile, kilichobadilika ni hali ya jirani. Basi anayeuliza aweke kilo ngapi, achungulie kwanza upande wa pili wa ukuta.

Hapo ndipo ninapoithamini karatasi ndogo yenye tarehe inayobandikwa kwenye ndoo. (Wanaume tusiicheke, tukadhani ni mambo ya jikoni tu.) Bila tarehe, kipya humwagwa juu ya cha zamani. Cha chini hukaa mpaka kitobolewe na wadudu, na hapo ndipo tunapokumbuka sadaka! Ilhali Qur'an (2:267) inatukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Na si suala la ladha tu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumukuvu katika mahindi iliua watu 125. Mengi yalikuwa yamewekwa majumbani yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, wala kwa kuitwa sadaka.

Wapo wanaosema maskini hachagui. Hachagui kwa kuwa hana. Mwenye stoo ndiye anayechagua, na ndiye atakayeulizwa. Dada mmoja darasani alituambia kwake ndoo moja huandikwa "jirani" siku ile ile ya kununua, kabla gunia halijaingia stoo.