Je, "Ndiyo" ya Asiyeelewa Humfunga?



Siku hizi kijana wa Bagamoyo, Kaole au Bunju hana haja ya kwenda benki ili akope. Hufungua simu, hubonyeza neno "Nakubali" chini ya masharti marefu asiyoyasoma, na baada ya dakika chache fedha zimeingia. Mwezi haupiti, vilio vinaanza. Hapo huzuka swali: je, mtu aliyekubali asichokielewa amefungwa na neno lake?

Wako wasemao amefungwa kabisa: ni mtu mzima, anajua kusoma, na fedha amezila. Wengine husema hakufungwa hata kidogo, maana alitegwa. Naona pande zote mbili zina haraka.

Tutazame kwanza hesabu. Tuseme kijana ameomba shilingi 100,000. Anakatwa ada ya 15,000 papo hapo, anapewa 85,000, na baada ya siku 14 anadaiwa 100,000 kamili. Hana, basi anakopa tena ili alipe. Akifanya hivyo mara 6, ada peke yake imefika 90,000, kupita fedha alizopokea mwanzoni, wala miezi 3 haijatimia. Si ajabu watu wameiita mikopo ya namna hii "kausha damu". Wazee nao walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, dawa ni kuwakataza vijana wasikope? Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia wenyeji kukopeshwa. Mfanyabiashara hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani bila hati iliyoidhinishwa na afisa wa serikali. Sheria ile ilimkinga mwenyeji, lakini ilimkinga kama mtoto, na kwa sababu hiyo wenye maduka waliogopa kumkopesha. Hatutaki kurudi huko. Anayetaka kuheshimiwa kama mtu mzima hana budi kuyajua anayoyakubali.

Lakini wajibu huo hauko upande mmoja. Katika Nehemia sura ya 5 twasoma habari za watu waliokuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao. Nehemia hakuwaambia, "Mlikubali wenyewe." Aliwakemea wakopeshaji, akawataka warudishe mali na riba. Hati ilikuwako, na haki haikuwako.

Basi tuseme hivi. Fedha uliyoipokea ni deni. Kutosoma masharti hakukufanyi usiwe mdaiwa. Ada iliyofichwa makusudi ni jambo jingine: aliyeificha hawezi kusema kwa dhamiri safi kwamba ulikubali.

Tena liko jambo la tatu, nalo ni zito kuliko yote. Baadhi ya programu hizi huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu. Deni likichelewa, mama, mjomba, mwalimu na hata fundi wa baiskeli hupelekewa ujumbe wa aibu. Kijana ameweka rehani heshima ya watu wasiojua lolote. "Ndiyo" yake hapo haifungi kitu, kwa kuwa hakuna awezaye kutoa kisicho chake. Wala mkopeshaji hakuwa na haki ya kukipokea.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 huwataka wakopeshaji wawe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Serikali imefanya sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni yetu.

Kijana, kabla ya kubonyeza uliza: Nitapokea kiasi gani mkononi? Nitarudisha kiasi gani, na lini? Nikichelewa, nani ataumia? Usipopata jibu, acha. Nanyi wazazi, msiwacheke wanaouliza. Wengi hukopa gizani kwa sababu nyumbani waliogopa kusema kwamba wamepungukiwa.