Huruma ya Ndoano Kali

Wavuvi wa Wisconsin na Ontario humwita maski samaki wa mitupo 10,000, kwa jinsi anavyokawia kunasa. Kinywa chake kikubwa kimejaa mifupa. Kwa hiyo ndoano za ncha tatu zinazoning'inia kwenye chambo bandia hunolewa kwa tupa, hata zikiwa mpya. Kipimo ni ukucha wa dole gumba: ncha ikiteleza, bado, ikikwama, inatosha.

Wengi humrudisha majini akiwa hai, na hapo ndipo utasikia kwamba kunoa ni huruma: ndoano kali huingia mara moja, haichanichani. Sikatai. Lakini ukali huohuo ndio unaomnasa. Mvuvi asiye na huruma hata kidogo naye angenoa, tena kwa bidii ileile. Basi tupa haiwezi kutuambia nani ana huruma.

Mimi namwamini zaidi yule anayebana kwa koleo kile kijino cha nyuma ya ncha, kinachozuia ndoano isichomoke. Sasa maski akiruka na kutikisa kichwa anaweza kumponyoka, na mitupo yote ile imekwenda bure. Au yule anayeikata ndoano yenyewe, ndoano nzuri aliyoihangaikia jioni nzima, ili samaki asikae sana nje ya maji. Huyo amelipa kitu. (Samaki, bila shaka, hakuulizwa tangu mwanzo.) Kesho atafunga ndoano mpya mahali pake, na kabla ya kuitupa ziwani ataijaribu kwenye ukucha.