Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Muulizeni mgonjwa mwenyewe



Leo tutafakari jambo linalogawa familia. Mzee amekutwa na saratani ya mapafu, na tayari ana kisukari, presha na figo zilizochoka. Mtoto mmoja anasema tuuze kipande cha kibanja, apelekwe Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, apewe dawa kali zote. Mwingine anasema mwacheni, Mungu ndiye mponyaji. Huyu anamwona yule hana huruma, yule anamwona huyu hana imani.

Tuanze na hali halisi. Sisplatini, dawa inayotumika sana kwa saratani hii, inaweza kuumiza figo. Steroidi zinazotolewa pamoja na tiba hupandisha sukari. Upasuaji unataka mapafu yatakayobaki yawe na nguvu. Kwa hiyo daktari akibadili dawa, akipunguza dozi au akishauri tiba ya kutuliza maumivu, msiseme amekata tamaa. Anapima faida na madhara. Wala kuwa na kisukari si hukumu; wapo wanaostahimili tiba kamili. Mpelekeni mapema, na mbebe dawa zake zote, hata za mitishamba, daktari azione.

Sheria yetu nayo hupima. Kujitibu kumehimizwa, lakini dhara haliondolewi kwa dhara kubwa zaidi. Si ndiyo maana mgonjwa karuhusiwa kula mchana wa mwezi huu? Aliyetoa ruhusa hiyo anajua miili haifanani.

Sasa nani aamue? Mwanamke mwenye kifafa alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Akapewa njia mbili: asubiri na malipo yake ni Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba asiwe anafunuka akianguka. Akaombewa hilo.

Tazameni mambo mawili. Kwanza, aliulizwa yeye, si ukoo wake. Pili, kuchagua subira hakukumnyima nafuu. Basi mzee akisema dawa kali hapana, bado ana haki ya mofini ya maumivu, usafi, na mtu wa kukaa naye usiku.

Kwetu kikao cha ukoo hukaa sebuleni, mzee yuko chumbani, hata jina la ugonjwa hajaambiwa. Tunaita huruma. Kumbe tunamnyima nafasi ya kuandika wasia, kulipa madeni, kuomba radhi na kuaga. Akisema mwenyewe hataki kujua, hilo nalo ni jibu lake. Lakini aulizwe kwanza.

Kama una mgonjwa nyumbani, leo baada ya futari kaa karibu naye, umuulize kwa upole: "Baba, wewe unataka nini?" Kisha nyamaza, usikilize.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atupe subira ya kuwasikiliza. Amin.