Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Waya mmoja wa baiskeli ya umeme

Ndugu zangu wa Kasumulu, Kyela mjini, Ipinda, Matema na wote mnaotusoma. Siku zinakimbia, leo tumefika kumi na nne. Mwenyezi Mungu azipokee zilizopita na atupe nguvu kwa zilizobaki.

Swali la leo limeletwa na kijana wetu mmoja baada ya tarawehe, naye ameridhia nilijibu hapa kwa sababu linatuhusu wengi. Amepata baiskeli ya umeme, iliyotumika, anabebea abiria na mizigo. Ikifika kilomita 25 kwa saa mota inajikata yenyewe; ukitaka zaidi ya hapo utumie miguu yako. Fundi kamwambia hiyo ni kazi ya dakika tano tu. Kuna waya mmoja wa kidhibiti mwendo, ukichomolewa baiskeli inakwenda mpaka nguvu yake iishie. Kijana anauliza: "Shehe, chombo nimenunua kwa jasho langu. Mota ni yangu, waya ni wangu. Nikiuchomoa kuna dhambi gani?"

Ana hoja mbili, na si za kupuuza. Ya kwanza, abiria hawataki chombo cha polepole, wanapanda bodaboda wanamwacha kijiweni. Ya pili, kwenye lami malori ya Malawi yanamsogelea mgongoni kwa kasi, anahisi akienda haraka kidogo atakuwa salama zaidi.

Tuanze na haki yake. Katika fiqhi, asili ya vitu ni uhalali mpaka uje ushahidi wa kukataza. Mtu akinunua baiskeli akaipaka rangi, akaifunga keria kubwa, akabadilisha kiti, hakuna shehe wa kumzuia. Kwa hiyo haitoshi kusema "kiwandani hawakuitengeneza hivyo", maana kiwanda si mtume. Tutazame kile kidhibiti kinafanya kazi gani, na kinamlinda nani.

Kile kiwango cha 25 si cha kubahatisha. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kwamba mota ya baiskeli ya namna hii isizidi wati 250 na iache kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Ikizidi hapo haihesabiwi tena kuwa baiskeli, inaingia kwenye vyombo vya moto, na mwenyewe anatakiwa asajili na akate bima. Sababu yake iko kwenye chuma. Breki zake, fremu yake na tairi zake vimepimwa kwa mwendo wa baiskeli.

Hebu tupige hesabu kidogo, kama darasani. Ukienda kilomita 25 kwa saa, kila sekunde unakula mita saba hivi. Ukienda 50, kila sekunde ni mita kumi na nne. Mtoto akitokea ghafla kwenye migomba, kabla mkono wako haujashika breki umeshapoteza sekunde nzima. Halafu breki zenyewe: mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Na hapo abiria yuko nyuma, na gunia la mchele juu yake. Kwa hiyo yule fundi akichomoa waya, mwendo ameuongeza, lakini breki hajaziongeza. Ameacha nguvu mpya juu ya chombo kilekile.

Sasa turudi kwenye neno "yangu". Mtume wetu (s.a.w.) alitupigia mfano ambao watu wa ziwani tunauelewa haraka. Watu walipanda jahazi wakapiga kura, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini walikuwa wakitaka maji wanapita kwa wa juu. Wakaona ni usumbufu, wakasema: tukitoboa tundu kwenye sehemu yetu tutachota maji hapahapa bila kumuudhi mtu. Mtume akaeleza kwamba wakiachwa watazama wote, na wakizuiwa mikono yao wataokoka wote.

Tazameni mambo mawili katika mfano huo. Moja, sehemu ile ilikuwa yao kweli, wameipata kwa kura ya haki. Pili, nia yao haikuwa mbaya, walitaka kuwapunguzia wenzao usumbufu. Bado hawakuruhusiwa. Kwa nini? Kwa sababu ubao ni wa kwao, lakini maji yakiingia hayachagui mwenye ubao. Mtu anayepanda MV Mbeya II amelipia nafasi yake, na hakuna anayekubali atoboe nafasi hiyo. Barabara yetu ni chombo kama kile. Baiskeli ni yako, ila njia mbele yako si yako. Ina bibi anayerudi sokoni, ina mwanafunzi, ina mbuzi wa watu.

Na jambo hili sisi wenyewe tumeshalitolea hukumu, tunasahau tu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani imeyawekea mabasi na malori makubwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Mabasi ya mikoani yakafungwa kile kifaa cha VTS, LATRA wanaona mwendo wa basi wakiwa ofisini. Likitokea basi ambalo dereva amekichezea kifaa, tunasema nini? Tunasema huyu muuaji, anyang'anywe leseni. Jirani zetu wa Kenya walipitia hayohayo. Mwaka 2004, wakati wa Waziri John Michuki, matatu zote zililazimishwa kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80, na baadhi ya wenye magari wakatafuta mafundi wa kuvifungua kwa siri. Dereva wa basi naye angeweza kusema chombo ni cha tajiri wake na tajiri karidhia. Hatumkubalii. Basi tusijikubalie kwenye kidogo kile tunachomlaani mwenzetu kwenye kikubwa.

Sasa nizijibu zile hoja mbili, maana kijana ana watoto wa kulisha.

Hoja ya malori. Ni kweli, anayeteremka kutoka Tukuyu na mzigo hasimami kirahisi. Lakini baiskeli ya 45 bado haimshindi lori la 80. Umeongeza mwendo wako, na lori bado liko mgongoni, na sasa ukiyumba unaanguka kwa kasi kubwa zaidi. Usalama wako uko kando ya barabara, kwenye njia za ndani, kwenye taa ya nyuma na nguo inayoonekana. Na kama kazi yako kweli inahitaji mwendo wa pikipiki, basi nia iwe kutafuta pikipiki, yenye breki za pikipiki, namba na leseni. Hiyo ni halali kabisa. Kisichofaa ni kuwa na mwendo wa pikipiki ndani ya mwili wa baiskeli.

Hoja ya abiria. Hapa lawama si ya kijana peke yake. Nani anayekaa nyuma akisema "ongeza, ongeza, nachelewa"? Ni sisi. Tunalipa nauli ileile, tunataka tufike kabla ya muda, halafu akigonga tunashuka tunajipangusa vumbi na kumlaumu yeye. Katika safari moja ya Mtume (s.a.w.) alikuwapo kijana aitwaye Anjasha, akiwaendesha ngamia waliobeba wanawake, nao ngamia wakashika kasi. Mtume akamwambia aende taratibu, akiwafananisha wale abiria na vyombo vya kioo. Basi dereva ajue amebeba kioo, na abiria naye ajue kuwa yeye ni kioo, asimchochee anayembeba. Na hata abiria akiridhia mwendo, ridhaa yake inamhusu yeye. Mtoto anayevuka barabara hajaulizwa.

Kuna kipimo kingine, na hiki ni chepesi kukitumia. Mtume alitufundisha kwamba dhambi ni kile kinachokukwaruza kifuani na ukachukia watu wakijue. Basi kijana wangu, ukishachomoa ule waya, mama akija na mwanawe anataka umpeleke zahanati, utamwambia? "Mama, hii baiskeli nimeitoa kidhibiti, breki ni zilezile." Kama unaweza kumwambia wazi kabla hajapanda, tuzungumze zaidi. Kama unaona heri anyamaziwe, basi jibu umeshalipata moyoni mwako. Na kesho ukiiuza bila kusema, umeongeza ghushi juu ya madhara, na mnajua Mtume alivyomkemea yule muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya kavu. Na fundi asijitoe kwa kusema "mimi nimetumwa". Mkono uliosaidia una fungu lake.

Kwa ufupi: kubadilisha chombo chako asili yake ni halali. Kinageuka haramu kikibeba madhara kwa wengine, au udanganyifu, au kuvunja sheria iliyowekwa kulinda roho za watu. Kuuchomoa waya huu na kubeba watu barabarani kunagusa madhara moja kwa moja, na ukificha kunagusa udanganyifu. Sioni njia ya kukuhalalishia. Wallaahu a'lam.

Jambo la mwisho, ndilo la mwezi huu. Saa nane mchana, joto la Kyela mnalijua, mtungi umo ndani, mlango umefungwa, hakuna anayekuona. Mbona hunywi? Hakuna askari hapo wala kifaa cha LATRA. Kuna kidhibiti ambacho Mola amekifunga ndani yako, na kila siku ya saumu anakikaza kidogo. Hiyo ndiyo takwa tunayofungia. Mtu anayeweza kujizuia na maji yake ya halali, atashindwaje kujizuia na mwendo ambao si haki yake?

Na ajabu ni kwamba wengi wetu kidhibiti hicho tunakichomoa dakika kumi kabla ya Magharibi. Jua linakaribia kuzama, barabara inageuka uwanja wa mashindano, eti kila mtu anawahi futari. Kuharakisha futari ni sunna, lakini maana yake ni kutoichelewesha jua likishazama, si kukimbizana nalo barabarani. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiondoka Arafa alisikia nyuma yake watu wakiwapigapiga ngamia kwa kishindo. Akawaashiria watulie, akawaambia wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Wale walikuwa kwenye hija. Sisi tunakimbilia uji na ndizi.

Basi leo tufanye haya. Mwenye chombo aweke tende mbili na maji mfukoni, adhana ikimkuta njiani asimame pembeni afungue. Abiria asiseme "ongeza". Mwenye waya aliouchomoa aurudishe kabla ya kumi la mwisho, na fundi amrudishie bure iwe sadaka yake.

Yaa Rabbi, tulinde na madhara yetu na ya wenzetu, walinde vijana wetu wanaotafuta riziki barabarani, wafungulie milango ya halali iliyo mipana kuliko haraka yao, na utufikishe sote nyumbani salama. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh. Futari njema.