Upo?

Umeme ulikatika saa tatu usiku, wiki ya pili ya muhula, nami nilikuwa nimejilaza na kitini cha metafizikia kifuani. Hosteli nzima ilipiga ile kelele ya kila siku, kisha ikatulia. Mwenzangu wa chumbani aliingia nisimsikie. Akauliza gizani, "Upo?" Nikajibu, "Nipo." Akaanza kupapasa mezani akitafuta kiberiti. Mimi nikabaki nimekodoa macho, kwa kuwa kitini kile kilimhusu mwanafalsafa René Descartes, na nilikuwa nimetoka kulijibu swali lake la kuwepo bila kupita njia yake hata hatua moja.

Mwaka wa kwanza falsafa hupangwa mafungu kama nyanya sokoni. Metafizikia huuliza ni nini kilichopo, epistemolojia tunajuaje, mantiki hoja husimamaje, maadili tuishi vipi, na ujumi uzuri ni nini. Kila tawi lina mhadhiri wake na mtihani wake, na yote niliyasoma kwa Kiingereza. Kwa muda nilidhani Kiswahili ni lugha ya kula na kusalimiana, na kwamba kufikiri kunaanza nikishavuka mlango wa ukumbi wa mihadhara. Giza la usiku ule lilinitoa huko.

Katika Tafakuri zake za 1641, Descartes anajieleza akiwa amekaa peke yake karibu na moto, amevaa joho la nyumbani, karatasi mkononi, akitilia shaka kila kitu: ule moto, ile karatasi, hata mikono yake. Shaka ikishakula vyote, linabaki jambo moja tu, kwamba huyu anayetia shaka hawezi kukosekana. Hoja hiyo alikuwa ameshaitoa katika kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1637, kwa maneno machache ambayo wanafunzi wa falsafa huyakariri hadi leo. Ukiyaleta kwenye Kiswahili, yaani "nafikiri, kwa hiyo nipo", neno la mwisho linakuwa "nipo". Ukisema "mimi ni", msikilizaji anangoja umalizie: ni nani? Ukisema "niko", atauliza wapi. Ukisema "nimo", atauliza ndani ya nini.

Viambishi hivi vitatu, -po, -ko na -mo, ni vya mahali. Kwa hiyo kuwepo, kwetu, tayari kumebeba mahali. Na Descartes, katika kitabu kilekile cha 1637, anafika kwenye hitimisho kwamba yeye ni kitu ambacho hakihitaji mahali popote ili kiwepo. Niliiandika pembezoni mwa kitini: nipo, lakini si mahali popote. Sentensi ilijikana kabla sijaweka nukta.

Baadaye nilikuta kwamba Alexis Kagame, padri na mwanazuoni wa Rwanda, aliliona jambo hili zamani. Katika kitabu chake cha 1956 alizichunguza ngeli za Kinyarwanda na kuona humo mafungu manne ya vyote vilivyopo: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: mtu, kitu, mahali, namna. Kagame alisema pia kwamba katika lugha za Kibantu "kuwa" hakusimami peke yake, lazima kufuatwe na sifa au mahali, na kwa sababu hiyo hoja ya Descartes haiwezi kuhamia kwetu ikiwa nzima.

Nilifurahi mno kusoma hayo, na furaha hiyo ilinipofusha kwa muda. Nilidhani sarufi imemshinda Descartes. Lakini sikiliza tunavyosema kila siku: sababu ipo, tatizo lipo, haki ipo. Sababu ipo wapi? Hakuna anayeuliza, na anayeuliza ataonekana anatafuta ugomvi. Huenda -po imesafiri mbali na mahali ilikozaliwa, ikabaki alama tupu ya kuwepo. Au huenda bado inatukumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna kinachokuwepo pasipo pa kuwepo. Sijalimaliza swali hili, na naliona ni zito kuliko mengi niliyofanyia mtihani. Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyepima masuala ya namna hii kwa Kiakan, aliwataka wanafalsafa wa Afrika watenganishe maswali yanayozaliwa na lugha moja na yale yasiyotegemea lugha yoyote. Anayefikiri kwa lugha moja tu hawezi kufanya kazi hiyo, maana hana cha kulinganishia.

Kuna jambo jingine katika lile "Nipo" langu, na ndilo linalonigusa zaidi. Lilikuwa jibu. Descartes anajipata kwanza peke yake, kisha anamthibitisha Mungu, na ulimwengu unarudi mwishoni. Sisi tunasema "nipo" kwa sababu kuna aliyeita. Watu wasioonana muda mrefu wakikutana njiani huulizana hivyohivyo, "Upo?", na anayejibu anamhakikishia mwenzake kwamba hajapotea. Najua Descartes angenijibu kwamba hata sauti ya gizani inaweza kuwa ndoto. Ni kweli. Lakini aliyenifunza neno la kutilia shaka ni nani, kama si sauti za namna hiyo?

Hadi hapo lugha yangu ilikuwa ikinisaidia; mantiki ilinifunza kinyume chake, kwamba inaweza pia kunitega. Siku moja kwenye semina mhadhiri aliacha Kiingereza, akaandika ubaoni: "Wanafunzi wote hawakufaulu." Akauliza, kama mmoja amefaulu, hii ni kweli au uongo? Darasa likagawanyika. Wengine tuliisoma kwamba hakuna aliyefaulu hata mmoja, wengine kwamba waliofaulu si wote. Tulibishana hadi kipindi kikaisha, kila mmoja akiwa na hakika kwamba anasema Kiswahili cha kawaida. Kumbe ukanushi ulikaa mahali ambapo haukuonyesha unakanusha nini. "Si wote waliofaulu" na "hakuna aliyefaulu" ni sentensi mbili mbalimbali, na mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kuchanganya moja na nyingine.

Katika epistemolojia, Mmarekani Edmund Gettier aliandika mwaka 1963 makala ya kurasa tatu hivi, akatikisa fasili ya kale kwamba kujua ni kuamini jambo la kweli ukiwa na sababu nzuri. Chukua saa ya ukutani iliyosimama jana saa mbili. Wewe unaitazama leo, saa mbili kamili. Unaamini ni saa mbili, ni kweli ni saa mbili, na kutazama saa ni sababu nzuri. Je, ulijua? Mswahili atasema ulibahatisha. Neno hilo halimalizi mjadala, ila linaweka kidole penye kidonda: kati ya kujua na kubahatisha kuna kitu ambacho ile fasili haikukitaja.

Ujumi tuliusoma muhula mmoja, kwa haraka, nami sikuupa haki yake.

Kwenye maadili nilidhani nimefika nyumbani. Insha yangu ilihusu utu. Niliandika kwamba wenzetu wa Ulaya, tangu David Hume, wanahangaika na namna ya kutoka kwenye yaliyopo kwenda kwenye yanayopasa, ilhali sisi daraja hilo tunalo ndani ya neno moja. Tunasema "mtu ni utu". Tunasema "yule si mtu" juu ya mwanamume anayetembea barabarani mchana, na kila mmoja anaelewa. Kwetu, niliandika kwa fahari, mtu haishii kwenye kuzaliwa. Anakamilishwa na matendo yake.

Insha ilirudi na swali moja la wino mwekundu kando ya sentensi ile: na nani anayeamua?

Nilikaa nalo siku kadhaa. Nikamkumbuka Kagame na neno lake la kwanza, umuntu. Katika nchi yake, mwaka 1994, watu waliitwa inyenzi, yaani mende, na waliowaita hivyo wakawaua. Kama utu ni kitu cha kuchumwa, basi kuna atakayesimama na orodha ya wasioupata. Hapo ndipo nilipoyaelewa yale mafungu ya falsafa yaliyokuwa yakiniudhi. Swali la nani ni mtu na swali la nani ameishi kiutu lugha yangu imeyafunga kwa kamba moja, kwa uzuri mkubwa, nami ilinipasa kuifungua.

Nikaiandika upya. Nilifuta ile sentensi ya fahari, nikaanza kwa yule mwanamume wa barabarani, ambaye lolote alilotenda, ukimwita gizani, atajibu nipo.